Vifungo Vitano vya Chiriku

Machi 6, Alhamisi

Leo nimepewa daftari la kuandika maendeleo ya binti yangu, na njiani kurudi nimenunua la pili, ndilo hili. Lile la kwanza ni la kituo cha tiba ya watoto, tunakokwenda Jumatatu na Alhamisi. Kila asubuhi natakiwa niandike Chiriku amefunga vifungo vingapi, kwa dakika ngapi, na kama amesaidiwa. Kila Alhamisi Mtaalamu wa tiba kazi, yule anayewafundisha watoto shughuli za mikono za kila siku, analikagua. Hili ni langu, nitaandika humu yale ambayo nikimwambia mama Chiriku atasema nimeanza tena wasiwasi wangu.

Chiriku ni mtoto wetu wa pekee, ana miaka sita. Jina la kwenye cheti analo, lakini tangu alipojua kusema hajanyamaza, tukamwita hivyo. Siku ya kuzaliwa alichelewa kulia, na mkono wake wa kulia ukabaki umekaza, vidole vimejikunja. Wa kushoto unafanya kazi ila hautulii. Akili ni kali, mimi mwenyewe ananikosoa. Shule ya karibu imekubali kumwona mwezi wa sita. Mwalimu mkuu amesema wazi kwamba darasani hana msaidizi. Mtoto wa darasa la kwanza ale mwenyewe, aende msalani mwenyewe, na siku ya michezo abadili nguo mwenyewe. Kula anakula, msalani anakwenda. Kimebaki kitu kimoja, shati la sare lenye vifungo vitano. Akishindwa atangoja mwaka mwingine, na mwaka jana tuliambiwa hayo hayo.

Mimi ni fundi cherehani. Vifungo nilivyoshona katika maisha yangu vingejaza debe, halafu ni vitano tu vinavyoninyima usingizi.

Machi 7

Mama Chiriku anafanya kazi kwenye tanuri la mikate, anatoka alfajiri, kwa hiyo asubuhi ni yangu. Kifungo kimoja, dakika kumi na moja. Maneno yake yalikatika kabisa, akawa anapumua kwa mdomo, jasho linamtoka puani. Mtoto huyu akinyamaza najua anaumia. Vinne vilivyobaki nilivifunga mimi. Kwenye daftari la kituo nimeandika ukweli.

Machi 8

Mvua. Kimoja, dakika tisa.

Machi 13, Alhamisi

Nitasema kweli, sijaelewa tunalipeleka jambo hili wapi. Nimempeleka mtoto apate tiba, nimekuta anafinyanga udongo, anatunga shanga kwenye kamba, anaokota maharage kwa kibanio cha nguo. Mtaalamu ni binti mdogo tu, anakaa sakafuni na watoto, anacheka nao. Nilimuuliza hayo yanahusu nini shati. Akanijibu kwa upole kwamba kifungo kinaanzia begani, kinashuka kwenye kiwiko, ndipo kinafika kidoleni. Nikaitikia kama mtu aliyeelewa.

Watoto wakiwa ndani, sisi wazazi tunakaa kwenye mabenchi barazani, kila mtu anasema wiki yake ilikuwaje. Mwanamume ni mimi peke yangu. Pembeni yangu anakaa Mama Pacha. Pacha wake mmoja yuko sawa, mwenzake anakuja hapa mwaka sasa kwa ajili ya kushika kijiko. Ni mcheshi. Aliniambia nisikae na uso wa mtu anayengoja hukumu, hapa wote ni washtakiwa.

Machi 17

Nimegombana na mama Chiriku. Jana ilikuwa siku yake ya mapumziko, akamkalisha mtoto na shati lake, yeye akaendelea kuchambua mboga. Nusu saa nzima. Chiriku akalia, hakuinuka. Nikasogea nimsaidie, akasema, "Baba Chiriku, mwache." Kwa sauti ile ile anayowaambia watu mkate bado. Nimeoa mwanamke mwenye moyo wa jiwe, nilifikiri hivyo na bado nafikiri hivyo.

Machi 19

Leo nimefanya jambo.

Mvua ilifukuza wateja, nikabaki dukani na shati la mazoezi la Chiriku. Nikachukua wembe, nikapanua kila tundu la kifungo kwa upana wa punje moja ya mchele, nikalizungushia uzi upya. Nikang'oa vifungo vyote vitano nikaweka vingine vya rangi ile ile, vidogo kidogo tu, tena nikavipa shingo ndefu ya uzi ili visimame mbali na kitambaa. Mwisho nikapaka ukingo wa tundu nta ya mshumaa, kitu kiteleze. Kwa mtu asiye fundi, shati ni lile lile. Hata mama yake amelikunja bila kugundua.

Nimefanya ili mtoto apate moyo. Akishaona anaweza, nitarudisha kama lilivyokuwa.

Machi 20, Alhamisi

Vifungo viwili mbele ya Mtaalamu, dakika sita. Chiriku alipiga kelele ya furaha mpaka mlinzi akachungulia. Mtaalamu aliangalia saa yake mara mbili. Njiani mtoto alisimulia kila tuliyekutana naye, mpaka mbuzi.

Machi 31

Vitatu, dakika saba. Nimepanua tena, unene wa uzi tu.

Aprili 3, Alhamisi

Vinne, na daftari la kituo limezungushwa barazani. Mtaalamu aliomba ruhusa yangu kwanza, mbele ya watu, ningekataaje? Akawaonyesha wazazi jinsi ninavyoandika kila siku bila kukosa, akasema hivi ndivyo nyumba inavyoweza kumsaidia mtoto. Mama Pacha alilishika daftari muda mrefu. Akasema polepole, "Wako wiki nne. Wangu mwaka mzima." Nikamwambia kila mtoto ana siku yake. Maneno mazuri, na mimi ndiye niliyekuwa sistahili kuyasema.

Aprili 10, Alhamisi

Vitano. Dakika tano.

Mtaalamu ametuita pembeni, mimi na mama yake aliyeomba ruhusa kazini. Anasema vidole vya Chiriku vimepata nguvu kuliko alivyotarajia. Kwa hiyo mazoezi ya udongo na kibanio anayapunguza, na badala ya kuja Jumatatu na Alhamisi, aje Alhamisi tu. Nafasi ya Jumatatu inakwenda kwa mtoto mwingine aliyekuwa kwenye orodha tangu mwaka jana. Mama Chiriku alilia. Miaka minane ya ndoa nimemwona akilia mara mbili, hii ni ya pili. Ilikuwa nafasi yangu ya kusema. Mdomo ulifunguka, nikasikia unashukuru.

Aprili 12

Wiki nzima hakuna jua, nguo hazikauki. Shati la mazoezi bado bichi kwenye kamba, mama yake akamwachia lingine kabla hajatoka, shati la kawaida nililolishona mwaka jana, matundu ya kawaida.

Chiriku alianza kwa mbwembwe. Akasema nihesabu dakika, leo atavunja rekodi. Kifungo cha kwanza kikagoma. Akajaribu cha pili. Akarudi cha kwanza. Mimi nimesimama na saa mkononi kama mjinga. Baada ya robo saa akaacha, akautazama mkono wake wa kulia, akauweka mezani kwa kutumia wa kushoto.

"Baba, mkono umeharibika tena."

Nikamwambia haujaharibika, ni shati tu. Akasema shati halina kosa, jana alifunga vyote vitano. Ningemjibu kweli ningejifichua mimi. Nikamvalisha. Mpaka jioni hakusema maneno kumi. Mtoto wa miaka sita anadhani mwili wake umemsaliti, kumbe ni baba yake. Kwenye daftari la kituo nimeandika: vitano, dakika tano.

Aprili 17, Alhamisi

Mama Pacha hakuja. Alhamisi iliyopita pia hakuwepo.

Aprili 22

Ujumbe kutoka shuleni. Mtoto aletwe Juni 11, saa tatu. Atapewa shati la sare kutoka kabati la shule, alivae palepale mbele ya mwalimu mkuu, kisha lirudishwe.

Nimeusoma mara nne. Nilikuwa nimepanga sare niishone mimi, na nilishajua matundu nitayakata vipi. Sasa shati litatoka kabatini, limeshonwa na fundi nisiyemjua, kifungo kinene na tundu la kubana. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika mwisho ikiwa na tarehe na saa juu yake. Leo nimeharibu suruali mbili za mteja, nimekata mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, sijawahi.

Aprili 24, Alhamisi

Nimesema.

Nilingoja wazazi wote waondoke. Chiriku alikuwa uani na mlinzi, anamweleza jambo. Nikatoa shati la mazoezi kwenye mfuko, na lile la kawaida, nikayalaza mezani pamoja, nikamwomba Mtaalamu apitishe kidole kwenye matundu. Akapitisha. Akarudia. Akachukua rula.

Nikamweleza yote, kuanzia wembe hadi nta ya mshumaa. Nilitegemea anifokee, na nikwambie ukweli, ewe daftari, ningefurahi angenifokea. Alikaa tu kwenye kile kiti cha watoto.

"Kumbe muda wote huu nimekuwa nikipima sindano yako, baba," akasema. "Mkono wake sijaupima."

Halafu akanieleza kitu kilichoniuma zaidi. Shingo ndefu ya uzi na tundu pana si dhambi. Ni sehemu ya kazi yake. Kuna wazazi anawaomba wawashonee watoto hivyo, hawawezi, na mafundi hawaelewi. Ningemwambia siku ya kwanza tungefanya pamoja, tukaanza na tundu pana tukipunguza kidogo kidogo kadiri mkono unavyopata nguvu. Mimi nilikwenda kinyume, mkono ulibaki pale pale, tundu ndilo lililokuwa likikua. Na yeye kwa kuamini daftari ameondoa yale mazoezi yaliyokuwa yakiutia mkono nguvu.

Nikauliza nafasi ya Jumatatu. Akatikisa kichwa. Kuna mtoto ameshaanza, ameshamzoea, hawezi kumtoa. Alisema bila hasira, ndiyo maana sikuweza hata kubisha. Zimebaki wiki saba. Tutaanza tena na udongo, na Jumatatu nitafanya mimi nyumbani, yeye atanifundisha. Akanirudishia daftari la kituo akaniambia nianze ukurasa mpya, nisichane za zamani.

Aprili 25

Nimemwambia mama Chiriku alipotoka kazini, kabla hajavua kilemba. Nikamwambia nilimwonea mtoto huruma, sikuweza kutazama. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hukumwonea huruma," akasema. "Ulimwonea aibu. Fundi mzima, mtoto wake hawezi kufunga kifungo."

Akaenda kuoga. Nimekaa na sentensi hiyo mpaka usiku nikitafuta mahali ilipokosea.

Aprili 26

Kwa Mama Pacha nilikwenda kwa miguu, matope hadi kwenye vifundo. Nilimkuta nje anaanua nguo. Nikasema niliyokuja kusema hata maji sijakaribishwa. Akaendelea kukunja shuka, pembe kwa pembe. Kisha akaniambia kwamba wiki tatu amemfinya mwanawe vidole kwenye kijiko, kwa nguvu, kwa sababu aliona nyumba ya fundi wanaweza, labda yeye ndiye mvivu. Mtoto sasa akiona kijiko anajificha nyuma ya mlango. Ndiyo maana hawaji.

Hakunisamehe, na sikumwomba pale pale, ingekuwa kumbebesha mzigo mwingine. Nilimwambia tu Mtaalamu anawaulizia. Alisema amesikia.

Aprili 28

Nilimweleza Chiriku kwamba shati lile nilikuwa nimelilegeza, na mkono wake haukuharibika. Akauliza, "Kwa hiyo sikuweza hata siku moja?" Nikakubali, vyote vitano bado. Akalia kwa hasira, akanipiga na mkono wa kulia, ule ule. Hakunisemesha mpaka chakula cha jioni, akasahau akaanza kunisimulia habari za paka.

Mei 1, Alhamisi

Udongo, kibanio, maharage. Hakuna kifungo.

Mei 3

Hakuna.

Mei 6

Kimoja, dakika kumi na mbili. Tumerudi mwezi wa tatu.

Mei 8, Alhamisi

Mtaalamu amegundua shida nyingine, nayo ni mimi. Nikikaa karibu na mtoto, mikono yangu inatangulia. Nashika kitambaa, navuta ukingo, na mwenyewe sijui. Ameniagiza nishike kikombe cha chai kwa mikono miwili mpaka mtoto amalize. Kikombe kijae. Mama Chiriku alipoambiwa alicheka mpaka akakaa chini.

Mei 9

Nimemwaga chai.

Mei 15, Alhamisi

Leo kwa mara ya kwanza Mtaalamu ameniuliza kitu cha ufundi. Kitambaa laini kinakimbia chini ya vidole vya Chiriku, afanyeje? Nikamwambia kipande kigumu cha ndani, kama kile cha kola, nikikishonea upande wa matundu kitambaa hakitakimbia. Tukakubaliana nishone mashati matatu. La kwanza tundu pana, la pili wastani, la tatu la kubana kama la kabati la shule, na kila moja limeandikwa namba kwa uzi mwekundu ili asidanganyike mtu. Ameniambia nishone na mengine kwa ajili ya kituo. Naye amemfundisha Chiriku aanze kifungo cha chini, anachokiona, na mkono wa kulia usifanye kazi ya vidole, uwe wa kulalia nguo isisogee. Nilikuwa nauona mkono ule kama hasara tupu. Kumbe uzito nao ni kazi.

Barazani Mama Pacha alikuwepo. Alikaa benchi la mbali.

Mei 21

Viwili, shati la kwanza.

Mei 26

Jumatatu yetu ya nyumbani. Vitatu, shati la kwanza. Mvua imepungua. Mama yake ameviringa madonge ya unga uliokandwa aliouleta kutoka tanurini, Chiriku anayafinya moja moja. Naye amekaa pembeni anachambua mboga, na leo nimemwangalia vizuri. Hachambui kitu. Jani lile lile linazunguka vidoleni mwake tangu mtoto aanze. Siku zote niliona moyo wa jiwe, kumbe jani lile ndilo lililokuwa kikombe chake.

Juni 2

Vitano, shati la pili! Dakika kumi na tisa. Shati la tatu viwili.

Juni 5, Alhamisi

Shati la tatu, vitatu, kisha akachoka. Mtaalamu hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Amesema huenda akaweza, huenda asiweze. Ameandika barua kwa mwalimu mkuu, na ndani yake ameandika yaliyotokea, pamoja na kosa langu. Nimeisoma. Nimesaini.

Juni 10

Kuhara. Mimi, si mtoto.

Juni 11

Ofisi ya mwalimu mkuu ina meza kubwa, viti viwili na saa ya ukutani inayogonga kama nyundo. Ni mama wa makamo, anavaa miwani miwili, mmoja machoni mmoja kichwani. Barua ya Mtaalamu ilikuwa mbele yake. Akatoa shati kabatini. Nilijua kabla hajalikunjua, limetiwa wanga, tundu gumu kama kadi. Kikombe sikuwa nacho. Nikaikalia mikono.

Chiriku alilivaa vizuri, mkono mgumu kwanza kama alivyofundishwa. Akaanzia kifungo cha chini, akaulaza mkono wa kulia juu ya nguo. Akanyamaza. Mwalimu mkuu akasaini makaratasi yake. Dakika nne, kimoja. Kikateleza kikatoka. Akaanza tena. Dakika ya saba, kimoja. Ya tisa, viwili. Ya kumi na moja mwalimu mkuu alivua miwani, akainuka nusu na kunyoosha mkono kumwelekea, na mimi nikajua akimgusa tu mambo yameisha.

"Bado sijakuita," Chiriku akasema, bila kuinua kichwa.

Nikafumba macho. Nilipofumbua mwalimu mkuu ameketi, na makaratasi hayagusi tena. Dakika ya kumi na saba mtoto akaweka mikono chini. "Nimemaliza."

Alikuwa amemaliza, ila aliruka tundu moja. Upande mmoja wa kola ulikuwa sikioni na kifungo cha juu kilibaki kinaning'inia bila mwenzake. Mwalimu mkuu akamwambia ameruka. Chiriku akajitazama, akasema anajua, alianza vibaya, lakini vingine vyote vimefungwa.

Mwalimu mkuu akaeleza kwamba kutoka kengele ya michezo hadi ya darasa ni dakika kumi. Nikaona imekwisha, nikaanza kukusanya mfuko wangu. Akaniambia, "Mzazi, kaa." Atampokea kwa muhula mmoja wa majaribio, na siku za michezo atatolewa dakika kumi kabla ya wenzake. Masharti yametokana na barua. Mimi niishie getini. Nisije kuchungulia dirishani, nisitume mtu, na mashati ya sare yavaliwe kama yanavyotoka kabatini mpaka Mtaalamu aseme vingine. Nikaapa.

Julai 7

Siku ya kwanza shuleni. Getini nilisimama mpaka bawabu akaniuliza kama nasubiri ajira.

Julai 9

Siku ya michezo. Dukani sikushona kitu, nilipiga pasi nguo zilizokwisha pigwa pasi. Saa saba na nusu nilikuwa getini. Walitoka kundi zima, na yeye katikati, anaongea. Shati limefungwa upande. Limeruka matundu mawili mazima mara hii, shingo imepinda, pindo moja limefika gotini.

Nyumbani ni kupita barabara ya maduka, na wateja wangu wote wako hapo. Mikono niliitia mifukoni, yote miwili. Mbele ya duka la viatu tulikutana na bwana harusi wa Jumamosi, ambaye suti yake iko mezani kwangu. Alimtazama mtoto kutoka juu hadi chini akacheka.

"Fundi, ndiyo kazi ya kwako hii?"

"Si yangu," nikamwambia. "Kajivalisha mwenyewe."

Chiriku alikuwa ananivuta, alikuwa hajafika mwisho wa habari zake. Kuna mtoto aliyeangukia dimbwi, kuna mwalimu mwenye filimbi iliyopotea, kuna msichana mmoja aliyemuuliza mkono wake una nini, akamwambia ni wa kulalia nguo. Niliuliza maswali, nikajibiwa, nikauliza mengine. Tulipofika mlangoni ndipo nikagundua kwamba tangu duka la viatu sikuwa nimelitazama lile shati.